Barua ya wazi kwa wakubwa wa uvuvi na ardhi Alaska: mbona mnaanza kumfungia anayechukua kidogo?

Kwenu waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Usimamizi wa Uvuvi la Pasifiki Kaskazini, kwako Gavana wa Alaska pamoja na Bodi yako ya Uvuvi, na kwenu mawaziri wawili wa Washington, wa Biashara aliyepewa bahari na yule mwingine aliyepewa ardhi na mito ya shirikisho.

Shikamooni.

Mimi ni mkazi wa Anchorage, mtoto wa Kigoma, nilikuja huku kama walivyokuja Waafrika wengine, kufanya kazi kwenye viwanda vya samaki, na naandika kwa Kiswahili kwa sababu Waswahili huku tupo, Wakongo, Watanzania, Wakenya, Warundi, tunaishi na wenyeji mtaa mmoja na tunakula kutoka bahari hiyohiyo mnayoigawa. Nina jambo moja tu na mengine yote nitakayosema yanalizunguka hilo. Samaki na wanyama wakipungua mnaanza kumfungia yule anayechukua kidogo kuliko wote, na mnamalizia, kama mnafika, kwa yule anayechukua kingi. Naomba huo mpangilio mugeuze.

Namba sijazitoa kichwani, zimetoka kwa Idara ya Samaki na Wanyamapori ya jimbo lenyewe: ukipima kwa uzito samaki na wanyama wote wanaovunwa Alaska, kama asilimia 98 inaenda kwenye uvuvi wa biashara, na watu wa vijijini wanaovua na kuwinda kwa ajili ya chakula cha nyumbani wanachukua kama asilimia 1. Halafu hiyo moja ukiigawa kwa vichwa vya watu wa vijijini inakuwa kama kilo 130 kwa kila mtu kwa mwaka, na zaidi ya nusu yake ni samaki. Kwa hiyo kinachoonekana kwenye karatasi zenu kama kidesimali, kwa Myup'ik wa Kuskokwim au Mathabaska wa Yukon ndo kitoweo cha mwaka mzima.

Na msomaji wangu wa Dar au Nairobi akisikia kijiji anafikiria mahali ambapo kitoweo kikiisha unapanda gari unaenda sokoni, sasa hivi vijiji vingi havina barabara ya kutokea. Bethel ndo mji mkubwa wa kule magharibi kwenye mto Kuskokwim na hata wenyewe hufiki kwa gari kutoka Anchorage, ni ndege, au meli ya mizigo kiangazi barafu ikishatoka. Paketi ya maziwa imepanda ndege, kuku wa dukani amepanda ndege, mara nyingi ndege mbili, ya kwanza kubwa ya pili kama bajaji ya angani, na bei ukiiona dukani unairudisha rafuni. Petroli hivyohivyo. Kwa hiyo ukimwambia mama wa Emmonak au wa Holy Cross asivue mwaka huu hujamwambia apumzike, umemwambia akanunue, na anunue kwa pesa ipi wakati ajira ya kijijini ni shule, zahanati, ofisi ya kabila, duka, na kiwanja cha ndege basi.

Hebu niielezee kambi ya samaki kidogo, maana kwenye ripoti inaandikwa mavuno na inaishia hapo. Mwezi wa sita familia inatoka kijijini inahamia kando ya mto, bibi, shangazi, wajomba, watoto, mbwa. Wengine wanatega nyavu, wengine wanaziachia zielee na mkondo, samaki akifika nchi kavu anaingia mezani kwa wanawake na hapo ndo kazi yenyewe inapoanza. Kuna kisu cha nusu duara, Wayup'ik wanakiita uluaq, mama anampasua salmoni kwa mikato michache tu anamfungua kama kitabu au anamchana vipande virefu vyembamba, anamtundika kwenye chanja apigwe na upepo mpaka ngozi ya juu ikauke, ndipo anaingia kwenye kibanda cha moshi, anakaa humo siku nyingi na moto wa kuni unaolindwa usiwake sana na usizimike. Ukikosea mvua inakuozeshea, ukikosea moto umempika. Salmoni mkubwa wa aina ya chinuki ana mafuta na ndiye anayependwa kuliko wote, chamu ni wa kukausha kwa wingi wa kuvuka baridi, na miaka yote ndiye aliyekuwa chakula cha mbwa wa kuvuta sleji. Na pale pale mtoto anajifunza kusoma maji, anajifunza majina ya kona za mto, anasikia habari za ukoo, anajifunza kwamba samaki wako wa kwanza huli wewe, unawapelekea wazee.

Kuna jambo hapa ambalo sheria zenu mpaka leo hazijalielewa, na linaniuma kuliko yote. Watafiti wa idara yenyewe ya jimbo tangu miaka ya 1980 wameona kwamba kwenye vijiji hivi kama kaya 30 katika kila 100 ndo zinazoleta kama asilimia 70 ya chakula chote cha mtoni na porini. Mtu wa mjini akisoma hivyo atasema hao 30 ni walafi, kumbe ndo mfumo wenyewe, ni nyumba zenye vijana wenye nguvu, zenye boti, zenye mashine ya theluji inayowaka, na wanavua kwa ajili ya wajane, wazee, wagonjwa, hata kwa mwalimu mgeni aliyefika juzi hajui kushika wavu. Wenye mshahara wananunua petroli, wenye muda wanaingia mtoni, kinachopatikana kinazunguka nyumba kwa nyumba. Sasa ninyi mnatunga kanuni ya mtu mmoja, leseni yake moja, idadi yake ya samaki au wanyama, akizidisha ni mhalifu. Yule mnayemkamata na kumtoza faini anaweza kuwa analisha nyumba kumi, mkimfungia yeye mmefunga majiko kumi na kwenye daftari mmeandika kosa moja.

Tuje 2021. Mto Yukon una zaidi ya kilometa 3,000, unaanzia Canada unaikata Alaska yote mpaka Bahari ya Bering. Mwaka ule chamu wa kiangazi ambao miaka ya kawaida walikuwa wanapita zaidi ya milioni 1 hawakufika hata laki mbili, na chinuki naye alikuwa keshaporomoka muda mrefu. Mkafunga. Mkafunga chamu na chinuki kwa chakula cha nyumbani mto mzima, vibanda vikakaa bila moshi msimu mzima kuanzia mdomoni mpaka mpakani na Canada, na samaki wakaletwa kwa ndege kutoka Bristol Bay ambako mwaka huohuo salmoni wekundu walikuwa wamejaa. Watu walishukuru kwa ule msaada na mimi namshukuru kila aliyetoa, lakini samaki wa msaada anayekuja ameganda kwenye boksi hawezi kumfundisha mtoto chochote kuhusu mto wa babu yake. Halafu tarehe 1 Aprili 2024 Alaska na Canada wakasaini kusimamisha uvuvi wa chinuki wa Yukon kwa miaka saba, mzunguko mzima wa maisha ya huyo samaki, mpaka wawe wanavuka 71,000 kuingia Canada. Waliosaini ni idara mbili za serikali, kabila hata moja halina saini pale. Mtoto aliyekuwa na miaka minane siku ile atakuwa na kumi na tano ikiisha, na kama ana bibi wa miaka themanini fanyeni wenyewe hesabu ya nani atakuwepo kumwonyesha mkato.

Sasa mwaka huohuo wa 2021 twende baharini. Meli za kukokota nyavu zinazotafuta poloki, samaki wa baharini wa viwandani, kwenye Bahari ya Bering zilinasa chamu zaidi ya laki tano ambao hazikuwa zinawatafuta. Na kule kusini kwenye peninsula ya Alaska, eneo mnaloliita Area M, wavuvi wa biashara mwezi wa sita peke yake walivua chamu zaidi ya milioni 1 waliokuwa njiani kurudi mitoni kwao. Hakuna aliyefunga bahari mwaka ule.

Najua mtanijibu nini, nimesikiliza majibu yenu. Mtasema vipimo vya vinasaba vinaonyesha wengi wa chamu wanaonaswa na meli za poloki ni wa Asia, wa kutotoleshwa kule Urusi na Japani, na wa mito ya magharibi mwa Alaska mwaka ule walikuwa karibu mmoja tu kati ya kumi. Mtasema tatizo kubwa ni joto, barafu ya Bering ilikuwa chache mno majira ya baridi ya 2018 na 2019, samaki wadogo wakala vitu visivyo na lishe wakaenda baharini wamekonda, na kiangazi cha 2019 maji ya mto Koyukuk unaoingia Yukon yakapata joto mpaka chamu wakafa wakiwa na mayai tumboni hawajataga. Yote hayo ni kweli, sibishani na mwanasayansi aliyeingia mtoni akahesabu samaki waliokufa. Lakini mmoja kati ya kumi kwenye laki tano ni makumi ya maelfu ya samaki, na mnawazungumzia kana kwamba ni wachache kwenye mwaka ambao mto wenyewe mmeuweka sifuri. Joto hamwezi kulinyang'anya leseni. Mnachoweza kukishika ni wavu, na katika nyavu zote mmekwenda kuushika ule wa bibi.

Kuna sababu ya kisheria na watu wengi hawaijui ndo maana nairefusha. Mwaka 1971 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumaliza madai ya ardhi ya wenyeji wa Alaska, wakapewa ekari milioni 44 na dola milioni 962.5 kupitia makampuni, na kwa mstari mmoja haki zao za asili za kuwinda na kuvua zikafutwa. Wakaahidiwa kwamba serikali itawalinda kwa njia nyingine. Ile njia nyingine ilikuja 1980, sheria aliyoisaini Rais Jimmy Carter, inasema kwenye ardhi ya shirikisho uhaba ukitokea basi anayevua na kuwinda kwa ajili ya chakula, mkazi wa vijijini, ndo anatangulia na wengine ndo wanapunguziwa kwanza. Vizuri kabisa, imeandikwa. Ila 1989 Mahakama ya Juu kabisa ya jimbo ikasema kumpendelea mtu wa kijijini kunavunja katiba ya Alaska, jimbo likajitoa, serikali ya shirikisho ikaanza kusimamia yenyewe ardhi zake 1990. Na baharini ile sheria ya 1980 haifiki. Kutoka ufukweni mpaka maili tatu ni maji ya jimbo, kutoka maili tatu mpaka mia mbili ni ya Wizara ya Biashara na lile Baraza, kwa sheria nyingine kabisa ya 1976. Samaki ni yuleyule mmoja, anazaliwa mtoni anakwenda baharini anarudi kufia alikozaliwa, anapita mikononi mwa wakubwa watatu, na haki ya mwenyeji ya kutangulia inamngoja mwishoni kabisa, akishapita kwenye nyavu za wengine wote.

Na hata hiyo ya mwishoni ameipata kwa kuipigania. Katie John alizaliwa 1915, mama wa Kiahtna, kambi ya familia yake ilikuwa Batzulnetas juu kabisa kwenye mto Copper. Mwaka 1964 jimbo likafunga uvuvi pale. Huku chini ya mto wavuvi wa biashara na wa starehe wakiendelea kuchukua salmoni kwa malaki, mama huyu kijijini kwao haruhusiwi. 1984 yeye na mwenzake Doris Charles wakaomba wafunguliwe, Bodi ya Uvuvi ikakataa, 1985 wakaenda mahakamani. Kesi ikala miaka na miaka, 1995 Mahakama ya Rufaa ikasema ile sheria ya 1980 inagusa na mito, na 2001 Gavana Tony Knowles, baada ya kwenda mwenyewe kukaa naye kambini pale, akaamua kutokata rufaa tena. Alifariki 2013 na miaka 97. Gavana, wewe uliyepo na yeyote atakayekuja baada yako, nakuomba uangalie alichofanya mwenzako: alikwenda. Hakutuma mwanasheria.

Maana baada ya yote hayo jimbo likarudi tena. 2021 na 2022 kwenye Kuskokwim, ndani ya hifadhi ya Yukon Delta, shirikisho likasema samaki ni wachache wavue wakazi wa vijijini tu kwa siku chache zilizopangwa, jimbo likatangaza siku zake lenyewe kwa kila Mwalaska. Wakashtakiana 2022, Jaji Sharon Gleason akaamua 2024 kwamba shirikisho lina haki, na 2025 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye. Pesa ya wanasheria ya miaka yote hii ingenunua nyavu na petroli za vijiji vingapi? Hapohapo kwenye mto huo tangu 2015 kuna Tume ya Samaki ya makabila ya Kuskokwim, wazee wenyewe wanakaa wanajipangia kupunguza, wanajifungia wenyewe siku ambazo chinuki mkubwa anapita ili akatage. Hawa ndo watu mnaowaona hawawezi kujitawala?

Upande wa nchi kavu ni wimbo uleule. Kundi la kulungu wa aktiki la magharibi lilikuwa na wanyama 490,000 mwaka 2003, hesabu ya 2023 ni 152,000. Wainupiat wa Kobuk na wa pwani ya Kotzebue wanaishi kwa nyama hiyo. 2024 mkapunguza, kutoka wanyama watano kwa siku mpaka 15 kwa mwaka na jike mmoja tu, na wawindaji wengi walikubali maana wao ndo wa kwanza kuona kundi limekonda. Lakini Oktoba 2025 Washington ikaidhinisha barabara ya Ambler, zaidi ya kilometa 330, inakata mto baada ya mto na njia ya hao hao kulungu, kwa ajili ya machimbo ya shaba, barabara ambayo serikali iliyopita ilikuwa imeikataa 2024. Na athari ya barabara haihitaji kukisiwa. Ile ya mgodi wa Red Dog ipo, kulungu waliovishwa kola za redio wamefuatiliwa, wengine wakiifikia wanasita, wanarandaranda upande wa huku karibu mwezi mzima ndipo wavuke. Mwezi mzima kwa mnyama anayehama kabla ya baridi, na kwa mwindaji anayemsubiri upande wa pili. Mwindaji mmemwambia apunguze, mgodi mmeuambia karibu.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Nimesimama kwenye mkanda wa kiwanda cha poloki, najua zile fileti zinalipa kodi ya nyumba za watu wa rangi zote, Wafilipino, Wasomali, Walatino, sisi. Na najua tangu 1992 kuna mpango wa kuvipa vijiji vya pwani sehemu ya kwota, vijiji 65, asilimia 10 ya poloki, na pesa hiyo imejenga vitu vya maana. Ila mpango ule unahesabu vijiji vilivyo ndani ya maili 50 za pwani ya Bering. Ukipanda juu ya mto, Holy Cross, Tanana, Fort Yukon, hawana hata senti ya poloki na ndo waliofungiwa kwa muda mrefu. Sijasema meli zote zikang'oe nanga zisirudi. Nasema foleni ya kuumia ianzie kwa mwenye akiba. Kampuni ikipoteza wiki mbili za msimu inapoteza faida, kijiji kikipoteza wiki mbili za mwezi wa sita kimepoteza mwaka.

Kwetu Kigoma nimeona jambo dogo la kufananisha. Nchi nne zinazozunguka Ziwa Tanganyika zilikubaliana kupumzisha ziwa miezi mitatu, na mwaka 2024 Tanzania tukaanza 15 Mei mpaka 15 Agosti. Watu waliumia, kina mama wa dagaa waliumia hasa, na lawama zilikuwepo na zilikuwa za haki. Lakini boti ya tajiri na mtumbwi wa maskini vyote vilipandishwa mchangani. Hamkuona kule mvuvi mdogo amekaa ufukweni anatazama taa za mwenye meli usiku zikiendelea kuvua samaki wake.

Na msiniambie wenyeji hawana utaalamu wa kukaa kwenye meza zenu, hilo lilishajibiwa zamani hapahapa Alaska. 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliwapiga marufuku Wainupiat kuvua nyangumi wa barafuni, kwa sababu wanasayansi waliokuwa wanahesabu kutoka ukingoni mwa barafu walisema wamebaki wachache, kati ya mia sita na elfu mbili hivi. Manahodha wakasema hapana, mnahesabu wanaopita kwenye maji ya wazi tu, wengine wanapita chini ya barafu na wanaivunja kwa kichwa wapumue. Wakaunda tume yao wenyewe mwaka huohuo, wakaingia kwenye utafiti, vikawekwa vinasa sauti majini, na kweli nyangumi walikuwa wanasikika wakipita chini ya barafu. Hesabu zikapanda, na ya 2011 ilifika zaidi ya 16,000, huku uwindaji ukiendelea kwa kwota wanayoigawana wenyewe. Mtaalamu alikuwa nani pale?

Kwa hiyo naomba haya. Kwanza Baraza la Pasifiki Kaskazini. Mna wajumbe 11 wenye kura na sheria haijatenga hata kiti kimoja cha makabila, wakati jirani zenu Baraza la Pasifiki kule kusini wana kiti cha kabila kwa mujibu wa sheria tangu miaka ya 1990. Alaska ina makabila zaidi ya 220 yanayotambuliwa na serikali. Bunge linaweza kubadilisha hilo, na ninyi wajumbe mnaweza kulitamka mbele ya Bunge, mseme tunataka wawepo, na wawe zaidi ya mmoja maana mtu mmoja hawezi kuusemea Yukon na Kuskokwim na ghuba ya Norton Sound peke yake.

Pili ni chamu. Chinuki mmemwekea kikomo kwenye meli za poloki tangu 2011, 60,000 na baadaye mkaongeza cha miaka ya uhaba 45,000, kikifika meli zinasimama. Chamu kwa miaka mingi hakuwa na kikomo cha namna hiyo, alikuwa na ahadi za makampuni ya kuhamahama wakimwona. Kikomo chochote cha chamu kiwe cha kusimamisha meli kweli, na kifungwe na hali ya mito: mto ukifungwa kwa bibi, na baharini idadi inayoruhusiwa ishuke siku hiyohiyo bila kusubiri mikutano ya miaka mitatu. Na Bodi ya Uvuvi ya jimbo mfanye vivyo hivyo Area M mwezi wa sita.

Tatu, leseni. Ruhusuni kijiji kipewe idadi yake kama kijiji na kabila ligawe, wale 30 wavue kwa ajili ya 100 bila kuviziwa. Hata pale mnapofunga kabisa, ruhusuni samaki wachache wa kufundishia, wachache kweli, kila kambi iwashe moto siku mbili watoto wapasue. Samaki wachache kwa kila kijiji hawataua mto.

Nne, Waziri wa ardhi. Mwaka 2024 Bodi ya Shirikisho ya uvuvi na uwindaji wa chakula iliongezewa wajumbe watatu waliopendekezwa na makabila. Viti hivyo visiguswe. Na barabara ya Ambler isisogee hata mita moja mpaka vijiji vilivyo kwenye njia ya kulungu vikae na ninyi mezani, na neno lao liwe na uzito wa kuzuia, maana kuitwa kutoa maoni dakika tatu kwenye maikrofoni wameshaitwa sana.

Mwisho ni wewe Gavana, na hili halihitaji Bunge wala mahakama. Viti vitano vya Alaska kwenye Baraza vinajazwa kutoka kwenye orodha unayoipeleka wewe kwa Waziri wa Biashara. Kila orodha ikitoka ofisini kwako tunaisoma. Inayofuata tunataka tuone majina ya watu wa mtoni, wanaume na wanawake waliofungiwa tangu 2021, wawe juu ya orodha na siyo mkiani kama kujazia.

Mkazi mwenzenu,
Anchorage